Sahibu na Naukar: Maneno ya Kuitana baina ya Mwajiri na Mtumishi wa Nyumbani nchini India

1.0 Utangulizi

Katika Kihindi cha leo bwana wa nyumba huitwa sahib, na mtumishi wake naukar. Asili ya maneno haya mawili inastahili kutazamwa kwa makini. Sahib ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwenzi au rafiki, na msemaji wa Kiswahili hulitambua mara moja katika neno lake sahibu. Naukar nalo lina asili ya Kimongolia, likapitia Kiajemi. Huko lilikotoka lilimaanisha pia mwenzi, yaani mtu aliyeambatana na mkuu wake vitani. Maneno yaliyoanza na maana zilizokaribiana hivyo yalikutana India, moja likapanda hadi sebuleni, jingine likashuka hadi jikoni.

Makala haya yanachunguza maneno ambayo kwayo mwajiri na mtumishi wa nyumbani huitana katika miji ya India. Hoja inayotolewa ni kwamba utengano wa kitabaka ndani ya nyumba hizo hautokani na mshahara peke yake. Hujengwa upya kila siku kwa kinywa, na katika ujenzi huo maneno ya udugu yana kazi kubwa kuliko matusi. Mifano imechukuliwa katika sarufi ya Kihindi, riwaya ya Aravind Adiga, The White Tiger, iliyopata Tuzo ya Booker mwaka 2008, tawasifu ya Baby Halder, na filamu ya Rohena Gera iitwayo Sir (2018). Ikumbukwe kwamba riwaya ya Adiga imeandikwa kwa Kiingereza. Ushahidi wake kuhusu matumizi ya Kihindi si wa moja kwa moja.

2.0 Nafsi ya Pili

Kihindi kina viwakilishi vitatu vya nafsi ya pili: tu, tum na aap. Cha kwanza ni cha ukaribu mkubwa au dharau kubwa. Mtu humwita hivyo Mungu, mama yake, au mtu anayemtukana. Cha pili ni cha walio sawa au walio chini kidogo, na cha tatu ni cha heshima. Kitenzi nacho hufuata, kiasi kwamba amri ya kuketi ina sura tatu: baith, baitho na baithiye.

Brown na Gilman (1960) walionyesha kwamba pale viwakilishi visipolingana pande zote mbili, kinachojidhihirisha ni mamlaka. Nyumba ya Kihindi inathibitisha jambo hilo bila shida. Mtumishi husema aap na hupokea tum, na mara nyingine tu. Mtoto wa nyumba anaweza kumwita mpishi mwenye mvi kwa tum, ilhali mpishi hana ruhusa ya kumjibu baba wa mtoto huyo kwa kiwakilishi hichohicho. Zaidi ya hayo, hata akiambiwa aketi, mara nyingi mtumishi huketi sakafuni. Kitenzi ni kimoja, kiti si chake.

3.0 Jina la Mtumishi

Mvulana anayetumwa nyumbani au kwenye kibanda cha chai huitwa Chhotu, yaani mdogo, na jina hilo laweza kumfuata hata akiota ndevu. Mwanamke anayefagia na kuosha vyombo huitwa kaamwali, "mwenye kazi". Mjini Mumbai huitwa bai. Neno hili la mwisho lina historia ya kusikitisha kidogo, maana katika Kimarathi ni kiambishi cha heshima kwa majina ya wanawake, na malkia wa Jhansi aliyepigana na Waingereza mwaka 1857 na 1858 alikuwa Lakshmibai. Jina la mtu likiondolewa, kikabaki kiambishi peke yake, heshima nayo imeondoka.

Adiga analiona jambo hili vizuri kuliko wengi. Mhusika wake mkuu hakupewa jina na wazazi. Nyumbani aliitwa Munna, yaani mvulana tu, hadi mwalimu alipomwandika Balram. Anapokwenda kuomba kazi ya udereva, tajiri anamhoji kuhusu Halwai, jina la jamii ya watengeneza vitamutamu: je, ni tabaka la juu au la chini? Dereva aliyemtangulia, Ram Persad, anagundulika kuwa Mwislamu aliyejificha nyuma ya jina la Kihindu ili apate mkate, na ugunduzi huo unamwondoa kazini. Hata sauti moja hutosha kumweka mtu mahali pake. Balram anatamka pizza kwa j badala ya z, kama wasemavyo wengi wa vijijini, na mke wa mwajiri anamcheka.

Ajabu ni kwamba naukri, nomino iliyotokana na naukar, haina aibu yoyote. Sarkari naukri, kazi ya serikali, ni ndoto ya maelfu ya vijana wasomi. (Sarkari na serikali ni ndugu, yote mawili yametokana na Kiajemi.) Kinachodharauliwa, basi, si kuajiriwa, bali kuajiriwa katika nyumba ya mtu.

4.0 Udugu Usio na Mkataba

Waajiri wengi wa siku hizi huona haya kutamka naukar. Badala yake husema didi, dada mkubwa, au kaka, yaani baba mdogo. Msomaji wa Dar es Salaam hatashangaa, kwani kwake pia mtumishi wa nyumbani ni "dada". Lakini dada huyu wa Delhi aweza kunywea kikombe kilichotengwa na vikombe vya wenyeji, na katika majengo mengi ya ghorofa hupandia lifti ya watumishi. Istilahi ya ukoo inampa wajibu wa ndugu, yaani kukesha na mgonjwa na kutohesabu saa, pasipo haki ya ndugu ya kurithi wala haki ya mfanyakazi ya kudai.

Sheria nayo imesitasita mlangoni. Oktoba 2006 India ilipiga marufuku kuwaajiri watoto walio chini ya miaka 14 katika utumishi wa nyumbani. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu hifadhi ya jamii ya wafanyakazi wasio katika sekta rasmi iliwataja watumishi hao, na baadhi ya majimbo yameweka kima cha chini cha mshahara wao. Mwaka 2011 India iliunga mkono Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, lakini haijauridhia. Januari 2025 Mahakama ya Juu iliiagiza serikali iunde kamati ya kuchunguza uwezekano wa sheria mahususi. Vyama vya wafanyakazi havikungoja: vimeshika istilahi gharelu kamgar, mfanyakazi wa nyumbani. Uteuzi huo ni sahihi kiisimu, kwa kuwa kamgar huweza kuwa na mkataba, didi hana.

Hata hivyo hoja hii isivutwe mno. Baby Halder, aliyeozwa akiwa na umri wa miaka 12 hivi na baadaye kumkimbia mumewe pamoja na watoto watatu, alipata kazi Gurgaon kwa Prabodh Kumar, mjukuu wa mwandishi Premchand. Kumar alimtaka amwite Tatush, neno la Kipolandi la kumwita baba kwa upendo, kama watoto wake walivyomwita. Kisha akampa daftari na kalamu. Tawasifu yake, iliyoandikwa kwa Kibengali, ilitoka kwanza kwa tafsiri ya Kihindi mwaka 2002, kwa jina lenye maana ya mwanga na giza. Hapa neno la ukoo liliambatana na tendo. Pengine ni muhimu pia kwamba lilikuwa neno la lugha ya kigeni, lisilobeba desturi ya sahib na naukar.

5.0 Kuita kwa Jina

Kati ya yote yaliyokatazwa mtumishi, jina tupu la mwajiri ndilo gumu kuligusa. Balram analipata kwa damu: anamuua bwana wake Ashok, anachukua fedha, anakimbilia Bangalore na kuanzisha biashara ya magari, akijiita Ashok Sharma. Katika Sir, Ratna, mjane kutoka kijijini, anamtumikia Ashwin mjini Mumbai na kumwita Sir hata baada ya Ashwin kukiri kumpenda. Anaondoka katika nyumba ile na kwenda kujifunza kazi ya mitindo ya nguo. Ndipo Ashwin anampigia simu. Ratna ananyamaza kitambo, kisha, badala ya Sir, anamwita Ashwin, na filamu inamalizikia hapo.