Gesi ya AC Haiishi, Huvuja

Swali: Fundi wangu hapa Dar es Salaam hujaza gesi kwenye AC kila mwaka, akisema ya zamani imetumika. Je, ni kawaida?

Jibu: Si kawaida. Gesi ya AC haichomwi kama petroli ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikichukua joto chumbani na kulitoa nje. Ikipungua, imevuja, na anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kitakachopotea tena. Utauliza: mbona akijaza baridi inarudi? Inarudi kwa sababu kiasi kimetimia kwa muda, lakini tundu liko palepale. Tena, wakati mwingine gesi haijapungua kabisa: chujio lililoziba kwa vumbi huzuia hewa, bomba hushika barafu, na chumba hakipoi. Kwa hiyo anza na chujio, ukiwa umezima umeme kwenye swichi ya AC.

Kwetu pwani, hewa ya chumvi hula koili ya nje, na maungio yaliyokazwa vibaya siku ya kufunga huvuja polepole. Mtake fundi apime kwa naitrojeni na povu la sabuni, azibe, anyonye hewa yote kwa pampu, kisha ajaze gesi kwa mizani kulingana na kibandiko cha mashine. Ni ghali zaidi kwa siku hiyo, kweli, ila hulipii tena mwakani. Na hili naomba ulisimamie: R32, gesi iliyomo katika AC nyingi mpya, inaweza kushika moto. Asichomelee bomba kabla ya kuiondoa gesi yote, wala asiichanganye na gesi nyingine.