Maumivu ya Shingo Baada ya Mafua: Tezi ya Thairoidi Inapovuja

Mwanamke wa miaka thelathini na minane, muuza dagaa sokoni Nyakato, anaugua mafua na kikohozi kwa siku tano, kisha anapona. Wiki tatu baadaye shingo inaanza kumuuma upande wa kulia, chini kidogo ya kikoromeo, na maumivu yanapanda hadi kwenye taya na sikio. Kumeza hata mate ni adha. Jioni hupatwa na homa, mikono humtetemeka na moyo humwenda mbio. Kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea. Anapewa dawa ya kuua bakteria wa koo, nayo haimsaidii. Juma la pili maumivu yamehamia upande wa kushoto, na jirani anamwambia kwamba hilo ni rovu linaanza.

Mgonjwa huyu tumemtunga kwa ajili ya somo, lakini dalili zake si za kubuni. Ni za thairoiditisi ya de Quervain, ugonjwa uliopewa jina la Fritz de Quervain, daktari mpasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1904. Huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, hasa wenye umri wa kati, na kwa kawaida hutokea wiki mbili hadi sita baada ya maambukizi ya virusi katika njia ya hewa. Virusi vya homa ya mafua, surua na matumbwitumbwi vimehusishwa nao. Mwaka 2020 madaktari wa Pisa, Italia, waliripoti binti wa miaka 18 aliyeupata baada ya kuugua UVIKO-19.

Tezi ya thairoidi, yenye umbo la kipepeo, hukaa mbele ya bomba la hewa. Tofauti na tezi nyingine nyingi, hii huweka akiba: homoni inayohifadhiwa ndani yake yaweza kuutosheleza mwili kwa wiki kadhaa. Maambukizi yanapoamsha uvimbe ndani ya tezi, kuta za vifuko vya akiba huharibika na homoni humwagika kwenye damu. Msomaji afikirie tangi la maji lililopasuka uani. Maji yanafurika, lakini si kwa sababu pampu imezidisha kazi. Pampu huenda hata imezimwa.

Mfano huu ndio kiini cha matibabu. Katika ugonjwa wa Graves, ambao nao huleta mapigo ya haraka ya moyo, jasho na kupungua uzito, tezi hutengeneza homoni kupita kiasi, na kabimazoli hutolewa ili kupunguza utengenezaji huo. Kumpa mgonjwa wetu kabimazoli ni kuifunga pampu huku tangi likiendelea kuvuja. Dawa za bakteria nazo hazina kazi hapa, na tezi haihitaji kukatwa. Kinachofaa ni dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, kama aspirini au ibuprofeni, kwa tahadhari kwa mwenye vidonda vya tumbo. Maumivu yakiwa makali au yasipotulia, daktari huandika prednisoloni na kuipunguza polepole kwa wiki kadhaa; akiikatisha mapema, maumivu hurudi. Moyo unaokwenda mbio hutulizwa kwa propranololi, isipokuwa kwa mwenye pumu.

Mhudumu wa zahanati anaweza kuutambua ugonjwa huu kwa vidole vyake: tezi ni ngumu na huuma inapoguswa, jambo lisilo la kawaida kwa rovu la ukosefu wa madini joto. Kisha aulize kuhusu mafua ya mwezi uliopita. Swali hili ni rahisi, na pengine ndiyo sababu husahaulika. Maabara itaonyesha ESR iliyopanda sana, mara nyingi zaidi ya milimita 50 kwa saa, na TSH iliyoshuka. Hata hivyo, ngozi ya shingo ikiwa nyekundu na ya moto, homa ikiwa kali, au mgonjwa akishindwa kupumua vizuri, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwani huenda ni jipu.

Maumivu yakiisha, wengi hawarudi kliniki. Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Tangi lililomwagika sasa ni tupu, na tezi iliyojeruhiwa bado haijaanza kazi. Muuza dagaa wetu atajikuta anasinzia mchana, anaona baridi wakati wenzake wanajipepea, ana choo kigumu na uzito unaongezeka. Hali hii huweza kudumu miezi kadhaa, na wengi hupona kabisa. Lakini takriban 5 hadi 15 kati ya kila wagonjwa 100 hubaki na upungufu wa kudumu na huhitaji kidonge cha homoni maishani. Kwa hiyo TSH ipimwe tena kila wiki nne hadi nane mpaka itulie, na mapema zaidi kwa mwanamke anayetarajia kupata mimba, kwa sababu mtoto hutegemea homoni ya mama yake katika miezi ya mwanzo.