Pikapu Zinafanana, Motere si Moja

Ndugu mfanyakazi, ukiona Land Cruiser mbili za namba 79, usidhani zinakunywa kitu kimoja. Soma herufi kwenye kibao cha chuma karibu na motere. HZJ ni ya mazuti, silinda 6, haina turbo. VDJ nayo ni ya mazuti, silinda 8, yenye turbo. Lakini GRJ ni ya esanse! Ukikosea na kutia esanse katika HZJ, usiwashe hata kidogo: pompi yake inalainishwa na mazuti yenyewe, esanse itaisaga. Mwite fundi aondoe yote. Na GRJ usiiache ikinguruma ndani ya garaji iliyofungwa: moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, inayoua mtu kama aliyesinzia.