Sabuni Nyeusi na Ngozi ya Mlimani

Kuanzia Juni hadi Agosti mji wa Lushoto, ulio takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hupata baridi inayokausha ngozi. Ndiyo miezi ambayo watoto wenye ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, hujikuna usiku kucha. Mama wa mtoto wa namna hiyo hushauriwa na majirani kabla ya kufika zahanati, na katika ushauri huo siku hizi imo sabuni nyeusi, ambayo husifiwa kuwa ni ya asili na haina kemikali.

Sabuni hiyo chimbuko lake ni Afrika Magharibi. Wayoruba wa Nigeria huiita ose dudu, yaani sabuni nyeusi. Nchini Ghana hujulikana kwa jina la alata samina. Maganda ya ndizi na ya kakao hukaushwa na kuchomwa, majivu yake huchujwa kwa maji, kisha maji hayo makali huchemshwa pamoja na mafuta ya mawese au ya kokwa za mchikichi. Usambara nayo haikosi malighafi. Migomba imejaa mashambani, na misituni umo msambu, mti ambao mbegu zake hutoa mafuta yanayoganda hata bila baridi, kwa kuwa zaidi ya nusu yake ni asidi ya steariki. Tangu zamani yametumika kupikia na kutengenezea sabuni. Majivu ya ndizi yana potasiamu nyingi, na ndiyo sababu sabuni yake huwa laini, tofauti na mche mgumu wa dukani uliotengenezwa kwa sodiamu.

Neno “asili”, hata hivyo, halibadilishi kemia. Uso wa ngozi yenye afya una tindikali kidogo, kipimo chake cha pH kikiwa karibu na 5. Sabuni yoyote iliyopikwa kwa mafuta na magadi au majivu, iwe nyeusi au nyeupe, ni alkali, na kipimo chake hufika 9 au 10. Tabaka la nje la ngozi limejengwa kama ukuta: chembe ndizo matofali, mafuta ndiyo udongo unaoyashika. Sabuni huondoa sehemu ya mafuta hayo, na alkali huzuia vimeng’enya vinavyoyatengeneza upya. Ngozi nzima hujirudi baada ya saa chache. Ngozi ya mtoto mchanga au ya mwenye ukurutu huchelewa, na punje za majivu zikisuguliwa juu yake huzidisha michubuko. Kwenye nywele, alkali hufanya magamba madogo ya unywele yainuke. Nywele za kipilipili, ambazo mafuta ya kichwani huzifikia kwa shida hadi nchani, hukauka na kukatika.

Mtu mzima mwenye ngozi ya mafuta anaweza kuitumia bila madhara. Lakini haitibu mapunye, ambayo huhitaji dawa ya kumeza, wala upele, ambao hauishi mpaka watu wote wa nyumba watibiwe kwa wakati mmoja.

Hatari kubwa zaidi imo katika sabuni inayong’arisha. Majivu hayana uwezo wa kumfanya mtu awe mweupe. Sabuni “nyeusi” inayotakatisha uso kwa majuma machache inapaswa kushukiwa kuwa na zebaki, haidrokwinoni au dawa za jamii ya steroidi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliripoti watu wazima waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo, wengi wao wakiwa watumiaji wa krimu za kung’arisha zenye zebaki. Mtumiaji anayevimba uso au miguu, au anayekojoa mkojo wenye povu, apimwe protini katika mkojo siku hiyo hiyo. Zebaki hiyo humfikia pia mtoto anayebebwa kifuani.

Wapo pia wanaopika sabuni nyumbani kwa kostiki. Kostiki humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya kostiki, na haiwekwi katika chupa ya soda, kwa kuwa mtoto huidhania kinywaji. Akiinywa asitapishwe, asuuzwe mdomo na apelekwe hospitali upesi. Ikimwagikia ngozi au jicho, eneo hilo lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, bila kutia siki wala ndimu.

Mtoto mwenye ukurutu aogeshwe kwa muda mfupi, kwa maji ya uvuguvugu. Sabuni isiyo na manukato ipakwe makwapani, kwenye mapaja na nyayo tu. Akaushwe kwa kugusagusa, si kwa kusugua, kisha apakwe mafuta mazito ya mgando kabla ngozi haijakauka kabisa. Vidonda vikitoa usaha, au mtoto akishindwa kulala, arudishwe kliniki. Wagonjwa wanaohitaji uchunguzi zaidi wanaweza kupewa rufaa KCMC, Moshi, ambako wataalamu wa ngozi wamekuwa wakifundishwa tangu 1992.

Mhudumu anapouliza “Unamwogesha kwa nini?”, jibu la “sabuni ya kawaida” halimtoshi. Amwombe mama alete sabuni yenyewe pamoja na karatasi yake, hata kama ni kipande kilichobaki ndani ya mfuko wa nailoni.