Kabla Hujanunua Miwani ya VR Kakamega

Meta, kampuni inayotengeneza miwani ya VR iitwayo Quest, haina duka rasmi nchini Kenya. Kila Quest unayoiona ikitangazwa mtandaoni au kwenye maduka ya simu mjini Kakamega imeingizwa na mtu kwa njia zake: imebebwa na jamaa aliyetoka Marekani, Uingereza au Dubai, au imeagizwa na mfanyabiashara wa Nairobi kisha ikapakiwa kwenye basi la usiku. Jambo hilo moja ndilo linalofaa kuongoza uamuzi wako, kwa sababu mashine ikikataa kuwaka wiki ya pili hakuna ofisi ya kwenda kubisha hodi. Utabaki na yule aliyekuuzia, kama bado anashika simu.

Kwa hiyo maswali ya kwanza hayahusu ubora wa picha. Ni nani atakayeivaa? Atacheza nini? Mtachezea wapi? Mtalipaje? Ukishayajibu, miwani yenyewe itajichagua.

Aina zilizopo

Ya bei ya chini kabisa ni kikasha cha plastiki cha kuingizia simu, ambacho mara nyingi hupatikana kwa chini ya Sh3,000. Mtindo huu ulianzishwa na Google mwaka 2014 kwa kikasha cha karatasi ngumu, na kufikia 2021 kampuni hiyo ikaacha kukiuza. Hapa simu ndiyo skrini na ndiyo kompyuta. Inajua kichwa kimegeuka, lakini haijui kwamba umepiga hatua mbele wala mkono wako uko wapi, kwa hiyo hakuna kurusha ngumi wala kushika kitu. Simu isiyo na kihisi cha jairoskopu, na simu nyingi za bei nafuu hazina, haifai hata kidogo. Kwa mwanafunzi anayetaka kutazama video za digrii 360 kwenye YouTube kikasha kinatosha, mradi akumbuke kwamba video moja kali ya dakika kumi inaweza kumaliza gigabaiti nzima ya bando. Kwa michezo, hizo ni pesa zilizotupwa.

Ya pili ni miwani inayojitegemea, yenye kompyuta, betri na kamera ndani yake, pamoja na pedi mbili za mikono. Haihitaji waya wala TV. Quest ndiyo inayotawala hapa. Quest 3 ilitoka Oktoba 2023, na Quest 3S ikafuata Oktoba 2024 kwa dola 299 ikiwa na nafasi ya gigabaiti 128. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola hizo ni kama Sh39,000, kabla ya usafiri, ushuru wa forodha, tozo nyingine za uagizaji na VAT ya asilimia 16, ambayo hukokotolewa juu ya thamani ya bidhaa pamoja na usafiri na ushuru. Ndiyo maana bei ya hapa huwa juu kuliko ile ya tangazo la Marekani. Ukiuziwa mpya kwa chini ya hesabu hiyo, uliza kwa nini.

Kati ya 3 na 3S, prosesa ni ileile na michezo ni ileile. Tofauti kubwa iko kwenye lenzi na skrini. Quest 3 inaonyesha vizuri hadi pembeni, na ina gurudumu la kurekebisha umbali kati ya macho kuanzia milimita 58 hadi 71. Quest 3S imerithi aina ya lenzi za Quest 2, zenye miduara inayong'aa palipo na mwanga mkali, na ina nafasi tatu tu za kurekebisha: 58, 63 na 68. Pima umbali wa mboni zako kwa rula mbele ya kioo kabla ya kuchagua. Kwa familia ya kawaida mimi ningechukua 3S na tofauti ya bei ningenunulia michezo.

Ya tatu ni PlayStation VR2, iliyotoka Februari 2023. Ina picha nzuri mno, lakini ni ya mwenye PS5 tayari, na huunganishwa kwa waya. Bila PS5 usiifikirie. Zile za kompyuta zinahitaji mashine yenye kadi ya michoro ya nguvu, na Apple Vision Pro, iliyoanza kuuzwa Marekani kwa dola 3,499, si ya mazungumzo haya.

Mitego ya ex-UK

Kwenye bidhaa zilizotumika, zile ziitwazo ex-UK, ndiko watu huumia zaidi. Miwani haifi kwa kuvunjika tu. Hufa pia kampuni inapoacha kuihudumia. Samsung Gear VR ya 2015 bado huuzwa ikiwa safi kabisa kwenye boksi lake, ilhali huduma zake zilifungwa 2020. Miwani za kompyuta za mfumo wa Windows Mixed Reality, kama Lenovo Explorer, Samsung Odyssey na HP Reverb G2, zilikatiwa kamba na Microsoft: Windows 11 toleo la 24H2 limeuondoa mfumo huo kabisa. Muuzaji anaweza kuwa mwaminifu na asijue. Quest ya kwanza, ya 2019, iache. Quest 2 ya 2020 bado inacheza mengi na ni nzuri kwa anayeanza, lakini Meta imekwisha kuacha kuitengeneza na michezo mipya inaendelea kuipita. Batman: Arkham Shadow, kwa mfano, inakubali Quest 3 na 3S pekee.

Usilipe kabla ya kuivaa. Iwashe dukani kwa hotspoti ya simu yako, uhakikishe imefutwa na haijafungwa na akaunti ya mtu mwingine, kisha uingie kwa akaunti yako mwenyewe. Tazama lenzi kwa tochi: mikwaruzo utaiona, lakini kilicho kibaya zaidi ni madoa ya skrini iliyoungua kwa jua, maana lenzi hukusanya miale na kuichoma skrini kwa muda mfupi sana. Weka pedi mezani bila kuzigusa uone kama kuna kitu kinachosogea chenyewe kwenye skrini. Jaribu tundu la chaji. Linganisha nambari ya boksi na ya mashine.

Halafu nunua mchezo mmoja wa bei ndogo palepale. Duka la Meta halipokei M-Pesa moja kwa moja, kwa hiyo wengi hutegemea kadi ya benki au kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa 2022. Kwa kuwa Kenya si soko rasmi, malipo yanaweza kukataliwa, na ni afadhali ulijue hilo ukiwa mbele ya muuzaji kuliko ukiwa nyumbani Lurambi. Upande wa PlayStation mambo yako vilevile: Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, ndiyo sababu wachezaji wetu hufungua akaunti za Afrika Kusini, Uingereza au Marekani na kununua kadi za zawadi. Kadi lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti, na nchi ukishaichagua huwezi kuibadilisha.

Dai risiti, na waranti ya muuzaji iandikwe juu yake kwa siku na kwa jina la mashine. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, lakini haki hiyo ni rahisi kuidai ukiwa na karatasi mkononi.

Sebule yako inatosha?

Michezo ya kusimama na kutembea inataka eneo tupu la kama mita mbili kwa mita mbili. Sebule nyingi za Kakamega zina seti ya viti, meza ya kioo katikati na kabati la TV, na ukiviacha mahali pake hubakiwi hata na nusu ya eneo hilo. Chukua futi ya fundi upime. Inua mikono pia, maana taa inayoning'inia imekwisha kuwa mhanga wa wengi. Miwani hukuwezesha kuchora mpaka, na ukiukaribia unaona ukuta wa mistari, lakini ngumi ya haraka hufika kwenye TV kabla ya onyo.

Uani hakufai. Jua litaua skrini, na kamera zinazofuata mikono hupotea kwenye mwanga mkali. Gizani nako kamera hazioni, kwa hiyo umeme ukipotea jioni, betri yenye chaji haitakusaidia kama hamna taa ya kutosha. Betri yenyewe hudumu kama saa mbili. Radi za alasiri tunazijua: chomoa chaja zinapoanza kunguruma. Mvua yetu nayo, ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka upande wa msituni, huleta unyevu usiopatana na lenzi. Futa lenzi kwa kitambaa kikavu cha miwani, uiweke mashine kwenye mfuko wake pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kuhusu bando, siku ya kwanza mashine itapakua masasisho ya gigabaiti nzima au zaidi kabla hujacheza chochote, na michezo mikubwa ni gigabaiti nyingi. Kama huna intaneti ya waya nyumbani, pakua yote siku moja kwa rafiki aliye nayo. Michezo mingi ya mchezaji mmoja huendelea bila mtandao baada ya hapo.

Michezo ya kuanzia

Kichefuchefu ndicho kinachofanya miwani nyingi ziishie juu ya kabati. Hutokea macho yanapoona mwendo ambao mwili hausikii. Mchezo unaokuacha umesimama mahali pamoja hausumbui sana. Ule unaokuendesha kwa kidole huku umesimama ndio unaopindua tumbo. Duka la Meta limepanga michezo yake kwa daraja tatu, tulivu, wastani na kali. Wiki za kwanza kaa kwenye tulivu, dakika kumi au kumi na tano kwa mara moja, na ukihisi jasho baridi vua papo hapo. Kujikaza kunazidisha.

Beat Saber, ya kukata vibonge kwa panga kufuata muziki, inastahili sifa zake: mgeni anaielewa kabla hujamaliza kumweleza. Walkabout Mini Golf ni ya polepole na wazee huipenda. Moss huchezwa ukiwa umeketi. The Thrill of the Fight ni ndondi inayotoa jasho la kweli, na mwenye shinikizo la damu asiianze bila kuongea na daktari. Mwenye PS5 ajaribu Gran Turismo 7 akiwa kitini, ingawa kona za kasi huwashinda wengi mwanzoni. Richie's Plank Experience, ya kutembea kwenye ubao juu ya ghorofa, kila mtu huwaonyesha wageni. Msimamie mgeni wako mgongoni, kwa sababu watu huruka kweli. Gemu ya mafahali wa Isukha na Idakho sijaiona bado. Wanafunzi wa kompyuta pale Masinde Muliro, mnasubiri nini?

Ukinunua kwenye duka la Meta na usipendezwe, unaweza kuomba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa mbili. Watu wachache huitumia haki hii. Na si lazima kila kitu kiwe mchezo: Wakenya walianza kutengeneza kazi za VR zamani kidogo, zikiwemo Nairobi Berries ya Ng'endo Mukii na Let This Be a Warning ya The Nest Collective, zote za 2017.

Watoto

Meta inaruhusu kuanzia miaka 10, na wa miaka 10 hadi 12 ni kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Sony inasema PlayStation VR2 si ya walio chini ya miaka 12. Mtoto wa darasa la pili asivae, hata akilia. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni sauti: Gorilla Tag ni ya bure, watoto wanaipenda, na ndani yake wanazungumza na watu wasiowajua wa nchi yoyote. Zima maongezi hayo, au rusha picha kwenye simu yako ili uone anachokiona.

Mwenye kifafa asitumie bila ushauri wa daktari. Onyo la watengenezaji husema karibu mtu 1 kati ya 4,000 anaweza kupata kizunguzungu kikali au degedege. Na kwa kuwa watoto wa jirani watafika, nunua kifuniko cha silikoni cha uso na ukifute kila anapovua mmoja. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Pwani, ulionyesha jinsi unavyopita haraka kwa kugusana na kugawana vitu. Mwenye macho mekundu asubiri zamu ya wiki ijayo.

Kama una PS5, nunua VR2. Kama huna, nunua Quest 3S mpya, au Quest 2 iliyotumika ukiipata kwa bei ya heshima na umeivaa mwenyewe. Kama sebule haina mita mbili kwa mbili na hutaki kusogeza viti, usinunue chochote mwaka huu.