Hasta na hata: somo nililolipata Benidorm

Katika mtihani wa mwaka jana, mwanafunzi mmoja wa Kihispania aliandika kwamba neno hasta ni ndugu wa neno letu hata. Nilimkata alama mbili, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: «Kihispania ni mtoto wa Kilatini.» Makala hii naiandika kwa sababu yake.

Mwezi wa saba nilikuwa Alicante kwa mafunzo mafupi. Jumapili moja nikapanda tramu kwenda Benidorm, mji wa mapumziko kwenye pwani ya Mediterania. Zamani kilikuwa kijiji cha wavuvi. Mwaka 1956 kikapata mpango wake wa ujenzi, na leo ni msitu wa maghorofa kando ya mchanga. Hoteli moja, Gran Hotel Bali, ina urefu wa mita 186. Fukwe kubwa ni mbili, Levante na Poniente, yaani mawio na machweo, na kati yake kuna mwamba wenye mji wa kale. Jua lilikuwa kali, na watu wamelala mchangani kama samaki walioanikwa. Kwetu jua hilo tunalikimbia, wao wanalilipia. Nikatafuta kivuli.

Kwa mtu wa lugha, vibao peke yake vinatosha kuwa darasa. Ufukwe ni playa kwa Kihispania na platja kwa Kivalensia, lugha rasmi ya pili ya jimbo. Jina la mji lenyewe linaanza na Beni-, «wana wa» kwa Kiarabu, kama Benissa na Benicàssim katika jimbo hilohilo, kumbukumbu ya karne ambazo Waislamu walitawala huko.

Nikiwa kivulini akaja kijana wa Senegal anayeuza miwani ya jua. Tulianza kwa Kihispania, nikamwuliza kazi yake inaendelea mpaka saa ngapi. «Hasta la noche,» akajibu, mpaka usiku, kisha akacheka na kuongeza kwa Kifaransa: «Hilo hasta nalijua tangu chuo cha Kurani. Ni hatta.» Nikamwambia, kwa sauti ya mwalimu, kwamba sivyo. Hakubishana, wateja walikuwa wanamngoja.

Jioni nilifungua kamusi ya Real Academia Española. Neno hasta limetoka katika Kiarabu cha Andalusia: ḥattá. Hata yetu imetoka hukohuko.

Kosa langu lilikuwa na sababu. Tunafundisha kwamba lugha hukopa kwa urahisi majina ya vitu, na kwa shida maneno ya sarufi. Kwa shida, ndiyo, lakini hukopa. Neno lakini ni la Kiarabu, kama ni la Kiarabu, na nilikuwa nayatumia darasani kila siku.

Tulinganishe. Hasta hoy ni hata leo. Hasta mañana ni hata kesho, kwa Kiswahili cha wazee. Hasta yo ni hata mimi, lakini hasta mí ni mpaka kwangu: kiwakilishi ndicho kinachotenganisha maana mbili. Herufi h ya Kihispania haitamkwi. Nasi mitaani Lubumbashi tunasema ata.

Tazama pia alcalde, meya, na kadhi yetu: yote mawili ni al-qāḍī. Konsonanti moja ngumu imekuwa ld kule na dh huku. Azúcar ni sukari. Aduana, forodha, ni ndugu wa diwani. Kihispania kimemeza kitambulishi al- pamoja na nomino. Sisi kwa kawaida tumekiacha, isipokuwa hasa katika maneno ya wakati: alfajiri, alasiri, Alhamisi. Katika adhuhuri, l imemezwa na konsonanti inayofuata, sawasawa na azúcar. Wanasarufi wa Kiarabu huziita konsonanti za namna hiyo herufi za jua.

Alama mbili nimezirudisha, na nimemwambia mwanafunzi huyo mbele ya wenzake kwamba yeye alikuwa sahihi. Deni la yule kijana wa Benidorm bado liko. Alinifundisha bure, nami sikununua miwani hata moja. Na hapo, angalieni, hasta haiingii: baada ya kanushi kama hiyo Kihispania kinataka ni.