Minyoo ya tumbo kwa mbuzi: dawa gani, kipimo gani?

Ndugu memba wa kooperative, hapa Kamina mvua inanyesha kuanzia mwezi wa 10 mpaka mwezi wa 4. Ndiyo wakati minyoo ya damu inazaana sana. Mwenye alitegemea kuuza mbuzi kwa kulipa minervali ya watoto anaweza kubaki mikono mitupu.

Ugonjwa
Minyoo hii inakaa katika tumbo la nne, inatia vidonda ndani na kunyonya damu. Mnyoo jike anataga maelfu ya mayai kwa siku. Mayai yanatoka na mavi, kisha watoto wa minyoo wanapanda majani yenye umande.

Dalili
Funua kope la chini la jicho. Likiwa jekundu, damu iko ya kutosha. Likiwa jeupe, ni hatari. Angalia pia uvimbe chini ya taya. Usingoje kuhara: mara nyingi mbuzi haharishi.

Dawa
- *Albendazoli*, ya kunywesha. Usimpe mbuzi mwenye mimba changa, itaharibu mtoto.
- *Levamizoli*. Ni kali: ukizidisha, mbuzi anatoa mate na kutetemeka, anaweza kufa.
- *Ivermektini*. Inaua pia wadudu wa upele.

Kipimo
Usikadirie kwa macho. Pima mbuzi kwa mizani ya magunia. Kwa albendazoli, mbuzi anahitaji miligramu 10 kwa kila kilo. Mbuzi wa kilo 20 anahitaji miligramu 200. Chupa ya 2,5% ina miligramu 25 katika mililita 1: mpe mililita 8. Chupa ya 10% ina miligramu 100: mpe mililita 2 tu. Basi soma chupa kwanza! Kwa dawa zingine, uliza munganga wa nyama.

Kutoa nusu dawa ili chupa itoshe wote ni hasara. Minyoo dhaifu inakufa, yenye nguvu inabaki na kuzaa, na kesho dawa ile haifanyi kazi tena. Tibu wenye kope jeupe, wazima waache. Maziwa na nyama, ngojeni siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Kinga
Fungueni mbuzi umande ukikauka. Majani ya kulisha yatundikwe juu, yasiguse mavi.

Tujadiliane kwenye mkutano
1. Mbuzi wa kilo 15, chupa ya 2,5%: mililita ngapi?
2. Nani atatunza mizani ya kooperative?

(Jibu la 1: mililita 6.)